Elimu ya Kubuni Vyombo, na Kijana wa Kibuta

Katika nyumba nyingi za pwani yumo mbuzi asiyelia wala asiyekula majani. Huyu ni mbuzi wa kukunia nazi. Wasomaji wetu wamjua tangu utotoni, na kwa sababu wamjua sana, aghalabu hawamtazami mara mbili. Leo twawaomba wamtazame. Kiti chake kimefanywa kifupi kwa kadiri ya mtu aketiye karibu na ardhi. Uzito wa mkunaji mwenyewe ndio uzuiao chombo kisisogee, na kwa hiyo mikono yote miwili yabaki huru kukishika kizio cha nazi. Ulimi wake wa chuma umetokeza mbele, una meno, na chini yake pana nafasi ya kuweka chungu au sinia. Kazi ikiisha, miguu hukunjwa, na mbuzi huegemezwa ukutani asichukue nafasi ya watu.

Aliyembuni mbuzi huyu hakuandika jina lake juu yake, wala hakuvaa joho la chuo kikuu. Lakini aliyafikiri mambo manne: mwili wa mtumiaji, kazi inayotakiwa, malighafi iliyo karibu, na nafasi ya nyumba. Mambo hayo manne ndiyo msingi wa elimu ambayo leo hufundishwa katika vyuo vikuu mpaka shahada ya uzamili na ya uzamivu. Kwa Kiswahili twaweza kuiita usanifu wa bidhaa za viwandani, yaani elimu ya kubuni umbo, utumiaji na utengenezaji wa vitu vinavyotolewa kwa wingi: kiti, sufuria, bomba, jiko, taa, pampu na kitanda cha hospitali.

Kibuta ni kata katika wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani, nyuma ya vilima vya Pugu mtu atokapo Dar es Salaam. Ni nchi ya Wazaramo, nchi ya muhogo, mikorosho na minazi. Tuseme kijana wa huko amemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi au ya sanaa, akarudi nyumbani na kuwaambia wazee wake, "Nataka kusoma tena miaka miwili, nisomee kubuni vyombo." Mama ataduwaa. Baba atauliza kama hiyo nayo ni kazi, na mjomba atauliza fedha zatoka wapi. Maswali hayo yote ni ya haki, na yastahili kujibiwa kwa heshima. Katika makala haya tutajaribu kuyajibu.

FUNDI NA MSANIFU

Yatupasa kwanza kutenga mambo mawili yanayofanana. Fundi seremala wa kijijini akitengeneza kigoda, atengeneza kimoja. Ajuaye atakayekikalia humpima kwa jicho, na kikiyumba hukirudisha na kukipunguza mguu. Kosa lake ni la kigoda kimoja, na dawa yake ni randa na dakika chache.

Msanifu wa bidhaa za viwandani hana nafasi hiyo. Auamuapo mpini wa dumu la maji uwe mwembamba, uamuzi wake waingia katika kalibu ya kiwanda, na kiwanda chatoa madumu elfu, kisha elfu nyingine. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 na zaidi. Mpini ukikata vidole, haumkati mtu mmoja; huwakata mabinti wote wanaoteka maji asubuhi, katika vijiji ambavyo msanifu hatavifikia maisha yake yote. Wema wake huzidishwa vivyo hivyo: akiupanua mpini kwa unene wa kidole kimoja, amepunguza maumivu ya watu asiowajua majina.

Basi kazi hii si mapambo, kama wengi wadhanivyo. Uzuri wa umbo umo ndani yake, nao ni neema, lakini swali la kwanza la msanifu si "Chapendeza?" Swali lake la kwanza ni "Nani atakitumia, wapi, kwa nguvu gani, na kikivunjika nani atakitengeneza?" Asiyeuliza hayo, hata akichora vizuri namna gani, amewachorea watu wa maonyesho.

KAZI HII KATIKA DINI YETU

Wako wanaodhani kwamba elimu kama hii ni ya kigeni kwa Mwislamu. Dhana hiyo haina msingi. Katika Surat Saba twasoma habari za Nabii Dawud (A.S.), kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akamwamuru atengeneze nguo za vita zilizo kamili, na apime kwa kadiri katika kuziunga pete zake. Tuitafakari amri hiyo ya kupima. Pete ikiwa pana mno, mshale wapenya. Ikiwa nene mno, askari aelemewa asiweze kukimbia. Kati ya pana na nene ndipo palipo elimu, na kupima huko kumetajwa pamoja na amri ya kutenda mema.

Nabii Nuhu (A.S.) naye aliamrishwa kuunda jahazi chini ya uangalizi na ufunuo wa Mola wake. Na katika hadithi sahihi twapata kwamba mimbari ya Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) iliundwa na seremala kwa miti ya porini, ili watu wamwone na kumsikia. Mimbari ni chombo, na chombo hicho kilibuniwa kwa haja ya watu waliokusanyika.

Baada ya hao wakaja wataalamu. Mwaka 1206, katika mji wa Diyar Bakr, fundi mkuu Al-Jazari alimaliza kitabu chake kuhusu mitambo ya werevu, nacho kina maelezo ya mitambo 50: saa za maji, vyombo vya kupandisha maji, na vinginevyo. Miongoni mwao mna chombo cha kutilia udhu, ambacho mfalme aliyemtumikia alikitaka kwa sababu hakupenda kumiminiwa maji na mtumishi. Jambo la kutuongoza ni hili: Al-Jazari hakuridhika na kuunda tu. Aliandika vipimo na kuchora kila sehemu, ili fundi mwingine, katika mji mwingine, aweze kukiunda chombo kile kile. Hiyo ndiyo kazi ya msanifu hata leo.

Na ikiwa twatafuta mfano wa karibu, tulitazame birika la udhu. Mlizamu wake mwembamba ni fundisho la kutofanya israfu. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki hata lita moja. Mifereji iliyofungwa katika misikiti mingi yamwaga zaidi ya hapo kabla mtu hajamaliza kukosha mikono. Mtu akitubunia mfereji wa msikiti wa kijijini utoao maji kwa kadiri ya sunna, ulio rahisi kwa mzee na mtoto, na usioharibika kwa mchanga, tungesemaje kwamba elimu yake haina faida ya dini?

HABARI YA JIKO LA UDONGO

Sasa tutoe mfano uliotokea katika Afrika Mashariki yenyewe, nao wahusu kila jiko la makaa lililo nyumbani kwa msomaji.

Kwa miaka mingi watu wa miji yetu walipikia jiko la bati tupu. Moto wake hutokea ubavuni kuliko ufikavyo chunguni. Makaa huliwa mengi, na mtoto akiligusa huungua. Mwaka 1981 mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mpya na jadidifu ulifanyika Nairobi, na katika miaka hiyo wataalamu wa Kenya walilitazama jiko la Thailand lililo kama ndoo, ambalo ndani yake mna udongo uliochomwa. Udongo huzuia joto lisipotee, na makaa huwaka polepole.

Lau wangalilichukua vile vile na kulileta sokoni, huenda lingalikataliwa. Mpishi wa kwetu husonga ugali kwa nguvu, na chombo kisicho na miguu imara hupinduka. Basi umbo likabadilishwa. Jiko likafanywa jembamba kiunoni na pana juu na chini, kikombe cha udongo kikatiwa nusu ya juu tu ili lisiwe zito, na bati likatandazwa chini ili lisimame imara. Akina mama walipewa walijaribu wakasema waliyoyaona. Majiko mengine ya awali yalipasuka udongo, na wanunuzi wakalalamika. Mafundi wakarudi kuuchagua udongo, namna ya kuuchoma, na namna ya kuushikamanisha na bati.

Matokeo yake ni jiko ambalo leo laonekana katika masoko mengi ya Afrika Mashariki. Mfinyanzi hufanya kikombe, fundi bati hufanya gamba, na kila mmoja hula kwa jasho lake. Vipimo vimeonyesha kwamba jiko hilo hupunguza makaa kati ya asilimia 20 na 50 kadiri ya mpishi na chakula. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jiko la namna hiyo likaenezwa Dar es Salaam, na watu wakaliita Jiko Bora.

Habari hii yatugusa Kisarawe kwa pande mbili. Upande wa kwanza, makaa yapikiayo jijini yametoka kwa sehemu katika misitu yetu. Atakaye kujua gharama yake autazame msitu wa Kazimzumbwi, jinsi ulivyokatwa na wachoma makaa. Kila gunia lililookolewa jikoni Dar es Salaam ni mti uliobaki umesimama huku. Upande wa pili, vilima vya Pugu vina udongo mweupe uitwao kaolini, maarufu kwa ufinyanzi na kazi za viwanda. Malighafi tunayo, na haja tunayo. Mtu wa kuviunganisha ndiye tunayemtafuta.

Wala kazi haijaisha. Jiko lile, pamoja na sifa zake, bado lachoma makaa na kutoa hewa ya sumu ndani ya nyumba iliyofungwa. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mitungi na majiko ya umeme yataletwa. Lakini nani atauliza kama jiko hilo litamfaa mama wa Kibuta asongaye ugali wa watu 9, akiwa ameketi chini, na umeme wenyewe wakatika? Swali hilo haliulizwi na mashine. Huulizwa na mtu aliyekulia katika jiko hilo, kisha akapewa elimu ya kulijibu.

WANAFUNZI WAWILI NA KITI CHA MAGURUDUMU

Msomaji aweza kusema kwamba jiko halikuhitaji shahada ya uzamili. Basi tumpe mfano wa pili, ulioanzia darasani kabisa.

Royal College of Art ya London ni chuo kilichoanzia mwaka 1837, nacho hupokea wale waliokwisha kupata shahada ya kwanza. Mwaka 1989 wanafunzi wake wawili, David Constantine na Simon Gue, waliingia katika shindano la kubuni kiti cha magurudumu kwa ajili ya nchi maskini, nao wakashinda. Constantine mwenyewe alikuwa amepooza kwa ajali ya kupiga mbizi, na alitumia kiti kila siku. Hawakuiacha michoro yao ukutani. Mwaka 1991, pamoja na mwenzao Richard Frost, walikwenda Bangladesh wakaunda viti kwa vifaa vya huko na kwa mikono ya watu wa huko, na kwa njia hiyo likazaliwa shirika lao, Motivation.

Moja katika maumbo waliyoyaeneza ni kiti cha magurudumu matatu. Gurudumu la mbele limesogezwa mbali, na kwa hiyo kiti hakipinduki kwa urahisi katika njia ya mashimo na mchanga. Kiti cha hospitali chenye vigurudumu viwili vidogo mbele kimekusudiwa sakafu laini. Katika njia ya kijijini vigurudumu vile huzama, na mgonjwa huanguka kifudifudi. Shirika hilo lilishirikiana na chuo cha TATCOT cha Moshi kuwafunza mafundi wa viti vya magurudumu, na mafunzo hayo yakawafaa watu wa nchi nyingi.

Hapa ndipo ionekanapo faida ya masomo ya juu. Wanafunzi wale hawakufundishwa kuchora kiti tu. Walifundishwa kuuliza kwa nini kiti kilichopo chamwangusha mtu, na kuendelea kuuliza mpaka njia, chuma, bei na fundi wa kijijini viingie katika jibu.

SHAHADA YA UZAMILI YAFUNDISHA NINI, NA WAPI

Katika shahada ya kwanza mwanafunzi hupewa swali na kutakiwa kulijibu. Katika shahada ya uzamili hutakiwa alitafute swali lenyewe na kuthibitisha kwamba lafaa kuulizwa. Aghalabu masomo huchukua miaka miwili, na mahali pengine mwaka mmoja. Mwanafunzi hujifunza kuwachunguza watumiaji kwa kuketi nao na kuwatazama wakifanya kazi. Hujifunza tabia za vifaa, yaani bati, mbao, plastiki, udongo na nguo. Hujifunza namna za utengenezaji, kama kusubu chuma, kukunja bati na kumimina plastiki katika kalibu. Huunda mifano ya majaribio, huipeleka kwa watu, huirudisha na kuibadilisha. Mwisho hutoa kazi moja kubwa pamoja na maandishi yake.

Wapi aende? Aanze na karibu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chafundisha uhandisi wa mitambo na wa viwanda mpaka masomo ya uzamili, na mtu wa Kisarawe aweza kufika huko na kurudi siku hiyo hiyo. Makerere, Uganda, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa mwaka 1937, kuna shule iliyoitwa kwa jina lake, nayo ni ya sanaa za viwandani na sanaa za uzuri. Kyambogo, hapo hapo Kampala, kuna idara ya sanaa na usanifu wa viwandani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina mafunzo ya usanifu yaliyoanza katika miaka ya 1960. Mmoja wa walimu wake wa mwanzo alikuwa Selby Mvusi, msanii wa Afrika Kusini, aliyefundisha usanifu wa viwandani huko mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1967. Ng'ambo ya bahari iko taasisi ya taifa ya usanifu ya Ahmedabad, India, iliyoanzishwa mwaka 1961, na Delft, Uholanzi, ambako elimu hii hufundishwa pamoja na uhandisi.

Vyuo vya namna hii, zaidi ya cheti cha shahada ya kwanza na barua za walimu, mara nyingi hutaka jalada la kazi: michoro, picha na maelezo ya vitu ambavyo mwombaji amevibuni. Hapa vijana wetu wengi huogopa, wakidhani hawana cha kuonyesha. Twawaambia wasiogope. Jalada laweza kuanzia Kibuta. Na atazame mabibi wanaobangua korosho: maganda yana mafuta makali yanayounguza vidole, na kila aliyefanya kazi hiyo ana alama yake. Na apime urefu wa mkono, mahali mafuta yarukiapo, na muda utumikao kwa kilo moja. Kisha abuni kifaa, akiunde kwa mbao na chuma chakavu, akipe bibi akijaribu, na aandike kwa uaminifu pale kilipomshinda. Kurasa chache za namna hiyo zina uzito kuliko picha 20 za magari ya ndoto. Mkaguzi wa chuo ataona kwamba huyu ajua kutazama, ajua kusikiliza, na hajifichi na makosa yake.

MASHAURI YA NYUMBANI

Sasa twarudi kwa baba na mjomba na swali lao la fedha. Hatutawaficha. Elimu hii ni ghali, kwa maana juu ya ada kuna vifaa vya kuundia mifano, kompyuta na programu zake, na chakula na malazi ya miaka miwili. Wala nafasi za kazi zenye jina la "msanifu wa bidhaa" si nyingi katika Tanzania. Mhitimu aweza kuajiriwa na viwanda vya samani, vya plastiki au vya vifungashio. Aweza kushirikiana na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, au na TEMDO ya Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980 kwa ajili ya usanifu na uundaji wa mitambo, na ambayo imetengeneza hata vifaa vya hospitali. Wengine yawapasa kujiajiri. Asomaye kwa matumaini ya meza na kiyoyozi tu huenda akajuta.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. La kwanza, shamba la mikorosho lisiuzwe kwa haraka. Mkorosho hulisha nyumba nzima, wakiwemo wadogo ambao nao watataka kusoma. Kijana na afanye kazi kwanza mwaka mmoja au miwili katika karakana au kiwanda, ajue kama moyo wake wako huko kweli, na ajiwekee jalada na akiba.

La pili, deni liangaliwe kwa macho mawili. Mkopo wa riba ni moto, na elimu haiuhalalishi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa ikitoza asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na walikuwako Waislamu walioiona ina sura ya riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Lakini mikopo ile hasa ni ya shahada ya kwanza. Ziko njia nyingine: misaada ya masomo ya Jumuiya ya Madola, iliyoanza mwaka 1959, na misaada ya Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, ambayo imekuwa na mpango kwa jamii za Waislamu walio katika nchi zisizo wanachama. Kila mpango una masharti yake kuhusu masomo na umri, na yafaa yasomwe mapema kabla ya mlango kufungwa. Na ikiwa jamaa watakopeshana wenyewe, waandikiane. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu ni ile ituamrishayo kuandika deni. Tusione haya kuitii kwa sababu mkopaji ni mpwa.

La tatu, mabinti wasisahauliwe. Ni nani ajuaye zaidi moshi wa jiko, uzito wa dumu, na kisu cha muhogo? Vyombo vingi vya nyumbani vimebuniwa na wanaume ambao hawajavitumia hata siku moja, na ndiyo sababu mishikio yaunguza na vifuniko havikai. Binti aliyekulia jikoni Kibuta, akisoma uhandisi au sanaa na kuendelea mpaka uzamili, ataingia darasani na hazina ambayo profesa hana. Wasiwasi wa wazazi juu ya safari na malazi twauheshimu, nao una dawa yake: kuchagua chuo kilicho karibu na jamaa, na kushauriana naye badala ya kumwamulia.

Kisha baada ya hesabu zote, wakae pamoja, wafanye shura, kijana aswali istikhara, na kila mmoja aseme lililo moyoni. Baba asione aibu kuuliza, na mwana asione ni dharau kuulizwa. Swali la baba, "Itamfaa nani?", ni swali lile lile atakaloulizwa na walimu wake siku ya kutetea kazi yake.

Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimwomba Mola wake elimu yenye manufaa, na akijikinga kwake na elimu isiyofaa. Kwa mizani hiyo twaipima shahada hii na nyingine zote. Kijana akirudi na cheti, na bibi yake akaendelea kuunguza vidole kwa korosho mbele ya macho yake, cheti hicho ni karatasi. Akirudi akaketi karibu na bibi, akakitazama kidole chake, kisha akatoa daftari na kuanza kupima, basi wazee wajue kwamba fedha yao haikupotea, na thawabu yake, inshallah, itawafikia hata wakiwa kaburini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi subira na riziki ya halali, na aijaze Kibuta, na kila kijiji cha Waislamu, watu wanaoona taabu ya mwenzao na kutafuta njia ya kuiondoa. Amin. Wabillahi taufiq.